Maisha ya Mama Biki na Siku Tisa za Mguu Wake

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, wazee wa ukoo, sista na wahudumu wa afya, wavuvi mliotoka Kabuta kwa baiskeli tangu alfajiri, mama zetu wa kwaya, na ninyi majirani wa Mantapala, Wakongo na Wazambia, ninaitwa Solange Mwamba, mtoto wa mwisho wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mimi ndiye niliyetunza daftari lake na tarehe zake zote ninazo.

Nimeombwa nisome haraka. Vijana wamekwisha kusimama karibu na jeneza, wengine wamevua viatu, na hakuna mtu hapa asiyejua wanachotaka, wanataka kulibeba begani na kuliacha lichague njia lenyewe, kama wengi wetu wanavyofanya pande zote mbili za ziwa, na nyumba ambayo jeneza litausukuma mlango wake ndiyo itakayoitwa nyumba ya aliyeua. Macho yao yanatazama nyumba moja tayari, na sisi sote tunaijua. Ninawaomba wasilinyanyue mpaka nifike mwisho, karatasi ni chache, na nitasoma kila tarehe, hata ile inayonihukumu mimi.

Marehemu Marie Ngoie Kisimba alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 19 Mei 1972 huko Pweto, pale ziwa Mweru linapotoka kuwa mto Luvua, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Kisimba Ilunga, fundi wa mitumbwi, na Mama Ngoie Kalenga, mkulima wa mihogo. Walizaliwa saba, na leo amebaki mmoja tu, Mjomba Dédé, aliyeketi hapa mbele, naye ndiye mkubwa wa familia yetu sasa.

Alianza shule ya msingi Pweto mwaka 1978, akamaliza mwaka 1984, akaendelea na masomo hapo hapo mpaka Septemba 1988 alipopelekwa Lubumbashi kwenye shule ya wauguzi, ambako alisoma miaka minne, akapata diplome yake ya A2, cheti cha uuguzi, mwezi Julai 1992. Diplome hiyo ilivuka ziwa mara tatu ndani ya mfuko wa plastiki, na sasa imo ndani ya jeneza, chini ya mikono yake, kama alivyoagiza.

Kazi aliianza tarehe 1 Oktoba 1992 katika kituo cha afya cha kijiji cha wavuvi kusini ya Pweto. Mwezi Machi wa mwaka uliofuata aliletewa fundi wa nyavu, Mzee Kabamba, aliyejikata mguu kwa bati, na jambo lililotokea kwa mzee huyo ndilo lililomfanya marehemu awe mtu mliyemjua ninyi. Kitabu cha shule kilionyesha mguu wa muzungu wenye doa jekundu, na chini ya picha pameandikwa kwamba wekundu ukitanda ni hatari, basi yeye, msichana wa miaka ishirini, alikaa siku tatu akingoja wekundu kwenye mguu mweusi kama mkaa, na wekundu haukuja, mguu ulizidi tu kung'aa na kukaza kama ngozi ya ngoma, mzee alitetemeka kwa homa, na siku ya nne alipopelekwa hospitali ulikatwa juu ya goti. Mzee Kabamba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipompita marehemu barabarani alimsalimu vizuri, na marehemu alisema ni afadhali angemtukana.

Tangu siku hiyo aliacha kungoja rangi. Alitumia mgongo wa mkono, akagusa kwanza mguu mzima ili mkono ujue joto la kawaida, kisha akagusa mguu mgonjwa, akienda polepole kutoka kwenye kidonda mpaka mahali moto unapoishia, na pale penye mwisho wa moto aliweka nukta kwa biki, kalamu ya wino, akazunguka, akaziunganisha nukta zote kuwa mstari, na pembeni mwa mstari akaandika siku na saa juu ya ngozi yenyewe. Kesho yake alirudi kugusa. Moto ukiwa umerudi ndani ya mstari, dawa inafanya kazi, mgonjwa aendelee kumeza mpaka kidonge cha mwisho hata kama amepona machoni, lakini moto ukiwa umevuka mstari, hakuna mazungumzo tena, ni hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo kanuni yake, na niliijua kabla sijajua kusoma saa.

Alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Mwamba Kyungu, mvuvi na mchuuzi wa samaki, siku ya Jumamosi tarehe 12 Agosti 1995 huko Pweto. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni marehemu Kisimba, aliyezaliwa mwaka 1997 na kufa kwa surua mwaka 1999, wa pili ni kaka yangu Webby, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2001 katika kambi ya wakimbizi hapa Zambia, kwa sababu vita vilifika Pweto Desemba ya mwaka 2000 na marehemu alivuka akiwa na mimba kubwa, ndiyo maana kaka ana jina la Kizambia, na wa tatu ni mimi, niliyezaliwa Pweto tarehe 22 Oktoba 2008, baada ya wao kurudi nyumbani mwaka 2004 wakidhani mambo yamekwisha. Mimi niliishia darasa la saba, na mengine yote nimeyasoma katika daftari la marehemu. Ameacha pia mjukuu mmoja, ambaye nitamtaja tena mbele.

Mwaka 2017 mambo yalirudi. Tulivuka mwezi wa Oktoba kwa mtumbwi, marehemu, Webby, mimi na Mjomba Dédé, na baba alibaki siku mbili nyuma ili akusanye nyavu zake, na siku hizo mbili hazijaisha mpaka leo, kwa hiyo nilipokuwa naandika hapa sikujua niseme ameacha mume au niseme alitanguliwa na mume, nikaandika vyote viwili, nikavifuta vyote viwili.

Tulipokelewa Kenani, upande huu wa Zambia, ndani ya mahema, watu wengi na maji ya foleni. Baada ya wiki tatu watoto walianza kutoka vidonda mdomoni na puani, vyenye gamba la manjano kama asali iliyokauka, na mama wengi walisema ni upele tu, wakawa wanavisugua kwa majivu. Marehemu alipita hema kwa hema bila kutumwa na mtu, akafunua mikono na vidole vya kila mtoto, akaonyesha tofauti, upele ule mwingine unawasha sana na unakaa katikati ya vidole, lakini huu wa gamba la asali ni vidudu vilivyoingia mahali mtoto alipojikuna, na unaambukizwa kwa taulo moja na kwa mto mmoja. Alikata kucha za watoto wote wa safu yetu, akalowesha magamba kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akayaondoa, akapaka dawa ya zambarau aliyoomba kwa wahudumu wa kambi, na waliokuwa na homa aliwapeleka kwa daktari mwenyewe akiwashika mkono. Watoto wenye videvu vya zambarau walijiita timu ya Mama Marie, na jioni walicheza mpira dhidi ya wasiopakwa, na mimi nililia kwa sababu sikuwa na kidonda cha kuniingiza kwenye timu.

Mwaka 2018 tulihamishiwa hapa Mantapala, tukapewa kiwanja na shamba, na marehemu akaomba kazi ya uuguzi, lakini diplome yake ilikuwa ya Kifaransa na haikuandikishwa Zambia, kwa hiyo aliandikwa kuwa mhudumu wa jamii wa kujitolea kwenye kituo cha afya, chini ya Sista Towela, ambaye yuko hapa, na ambaye siku zote alimwita Mama Mkubwa mbele ya wagonjwa ingawa yeye ndiye mkuu wa kituo. Marehemu hakuruhusiwa kukata wala kuchoma sindano, na hakukata wala hakuchoma, lakini alijua nani apelekwe kwa sista, na lini. Jipu akilibonyeza likacheza chini ya kidole kama maji ndani ya puto, alisema hili limeiva, liende likapasuliwe kwa kisu safi, na lile gumu lenye moto bila maji ndani alikataza mtu yeyote asiliguse kwa wembe.

Kila Jumatano alipanda baiskeli kwenda Kabuta, kwa sababu mikono ya wavuvi haikosi vidonda, kamba inakata, ndoana inachoma, mwiba wa samaki unavunjika ndani, na wavuvi wana dawa yao, wanafungua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda, unakauka kuwa gamba zuri juu, na chini yake usaha unatembea. Miaka saba alipigana na jambo hilo moja. Goodson, ambaye mnamwona pale na kofia mkononi, alikamatwa mara tatu, na mara ya tatu marehemu alimwambia mbele ya pwani nzima, "Kidonda haina kinywa, papa, ni weye uko na kinywa, meza!" Na walipoona anawachora walimtania, wakamwita Mama Biki, na mmoja akauliza, "Hii mupaka gani tena, Mama? Bidudu biko na pasipoti?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Njo maana nachora. Bikivuka bila document, nabikamata byote, na weye nakupeleka hospitali." Walicheka, lakini walikwenda hospitali, na wengi wao wana miguu yao yote miwili leo, na wamekuja nayo hapa.

Katika kazi hiyo alikuwa na mwenzake mmoja ambaye hakuandikwa popote, jirani yetu Olipa, ambaye sote tunamwita Bana Mapalo, yaani mama yake Mapalo, mchuuzi wa samaki. Mwaka 2023 mtoto wake Mapalo alitoka jipu kwapani, bibi yake alitaka kulikamua, na Bana Mapalo akamleta kwetu amemfunika kitenge, marehemu akamfundisha kugusa kwa mgongo wa mkono, akamwacha achore mstari mwenyewe juu ya ngozi ya mtoto wake, na tangu siku hiyo Bana Mapalo alipokwenda Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, kununua samaki, alibeba biki ndani ya chitenge. Waliombana chumvi. Waligombana pia, kwa sababu ya mbuzi, na sasa ninafika kwenye ugonjwa, na ninaomba vijana wasogee karibu wanisikie.

Siku ya Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, kama saa tano asubuhi, marehemu alipokuwa Kabuta alishuka kwenye maji ya pwani bila viatu ili atazame mkono wa mvuvi ndani ya mtumbwi, na mwiba wa kambale ulimchoma chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Goodson ndiye aliyeutoa, akamwambia kwa kucheka, "Leo dokta njo mugonjwa!" na marehemu akamjibu, "Toa mwiba, acha hotuba." Aliosha kwa maji ya ziwa, akavaa viatu, akapanda baiskeli. Alhamisi tarehe 4 alichechemea, akasema ni kawaida.

Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa kumi na mbili jioni, aliniita nje penye mwanga, akanyoosha mguu juu ya kigoda, akaniambia nimpime kama ninavyompima mtu mwingine. Nilipitisha mgongo wa mkono, moto uliishia vidole viwili chini ya kifundo. Nilichora mstari, nikaandika juu ya ngozi, Ijumaa saa 12, na katika daftari nikaandika hivyo hivyo, na jina la mgonjwa marehemu aliniamuru niandike kwa herufi tatu tu, M.N.K., kama wagonjwa wote.

Nawaomba muishike siku hiyo. Ijumaa.

Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa mbili asubuhi, ndipo ugomvi ulipotokea. Mbuzi wa Bana Mapalo alikula mihogo yetu iliyoanikwa, marehemu alipiga kelele, Bana Mapalo alipiga kelele, nusu ya mtaa ilisimama kusikiliza, na mwisho Bana Mapalo alisema, "Mukamona!", maana yake mtaona, na akaondoka. Neno hilo limetembea sana wiki hii. Limefika Kabuta, limefika Kashikishi, na kila lilipofika limeongezewa, mpaka nimesikia kwamba alimwaga kitu njiani ili marehemu akanyage na mguu uvimbe. Mimi nilikuwepo. Alisema mtaona, nitamfunga mbuzi huyu, na kabla ya saa sita mchana mbuzi alikuwa amefungwa kwa kamba ya nyavu kwenye mti wake, na yuko pale mpaka sasa, nendeni mkamtazame. Na mguu ulikuwa na mstari tangu jana yake. Mama Chikondi wa kwaya na mama wengine wawili walioosha mwili pamoja nami waliona mistari, kwa sababu nilikuwa naipitia upya kila nilipokuwa naye isifutike, na walisoma siku zilizoandikwa. Mguu uliougua Ijumaa haukuugua kwa maneno ya Jumamosi.

Hiyo ni tarehe ya kwanza niliyotaka kuisoma. Ya pili ni yangu.

Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, nilipima tena. Moto ulikuwa umevuka mstari vidole vitatu, umepanda juu ya kifundo, ngozi inang'aa, na alipoguswa kidogo tu alishika ukingo wa kigoda, maumivu yalikuwa makubwa kuliko uvimbe wenyewe, na hilo nalo alikuwa amenifundisha kwamba ni dalili mbaya kuliko zote. Kanuni ilisema hospitali siku hiyo. Nilimwambia. Akaniambia, "Kesho mutoto wa Webby anabatizwa. Mi siwezi kumubatiza mujukuu nikiwa kitandani ya hospitali. Chora mustari ingine." Na mimi nilichora mstari mwingine. Sijamwona akimchorea mtu mwingine mstari wa pili, hata mara moja katika miaka yote, na nilijua hivyo wakati biki ikiwa mkononi mwangu, na bado nilichora, nikaandika Jumamosi saa 12, nikampa dawa alizokuwa nazo, tukalala.

Jumapili tarehe 7 Septemba mjukuu wake alibatizwa kwa jina la Blessings, na marehemu alimshika mikononi, picha iko. Wimbo wa mwisho haujaisha alianza kutetemeka, akatapika, akaongea maneno yasiyounganika, na saa tisa alasiri Mjomba Dédé alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka kwa mganga kwenye kambi ya wavuvi, kwa sababu tayari watu walikuwa wanasema kuhusu Jumamosi. Mganga alikata chale juu ya mistari yangu, akaumika kwa pembe, akapaka unga mweusi. Walikaa huko mpaka Jumanne asubuhi. Ninasoma jambo hili kwa heshima. Mjomba alimsukuma dada yake kwa miguu masaa manne kwenye mchanga, hakula, alimpeleka mahali alipoamini kwamba atapona, na mimi niliyejua mahali pa kweli nilibaki nyumbani nikafua nguo za ubatizo.

Jumanne tarehe 9 Septemba, saa tatu asubuhi, waliporudi, mguu ulikuwa umevimba mpaka paja, na katikati palikuwa na malengelenge meusi. Watu walijaa uani wakishauriana. Bana Mapalo alipita katikati yao, ingawa wengine walimvuta nguo, akapiga magoti, akaweka mgongo wa mkono juu ya mguu, akatafuta mwisho wa moto na hakuupata, akasimama akatupigia kelele kwa Kibemba, "Baleya ku chipatala, nomba line!", anakwenda hospitali, sasa hivi. Alikimbia barabarani, akasimamisha lori la samaki lililokuwa limebeba mzigo wake mwenyewe, akashusha vikapu vyake vyote kwenye vumbi ili marehemu apate mahali pa kulala, akakaa naye nyuma akimfunika jua kwa chitenge. Samaki wale walioza barabarani siku hiyo, na sisi tulipita juu ya harufu yao Jumatano tukisema ni harufu ya uchawi.

Hospitalini Nchelenge madaktari walimpokea mara moja. Walimwekea maji na dawa kwenye mshipa, wakampeleka chumba cha upasuaji, wakaondoa nyama iliyokufa, na walipopima damu walikuta sukari iko juu sana, ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, hata yeye aliyewapima wengine, na daktari alinieleza taratibu kwamba sukari ya namna hiyo hufungua mlango kwa vidudu, kwamba sumu yao ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu, na kwamba angefika Jumamosi wangekuwa na kazi rahisi zaidi. Nilimwuliza angepona. Alisema hawezi kuniahidi jambo lililopita. Sista Towela, aliyefika Jumanne jioni, alisoma mistari iliyobaki katikati ya chale, akaniuliza mstari wa pili ulichorwa na nani, na nilipomjibu hakunigombeza, alinishika shingo kwa nyuma kama mtoto mdogo.

Marehemu alizinduka kidogo siku ya Jumatano, akaomba maji, akauliza kama mbuzi amefungwa. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na waliokuwa naye ni Webby, mimi na Bana Mapalo.

Sasa mnajua. Jioni ya Alhamisi mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba ya Bana Mapalo, chanja chake cha kukaushia samaki kikaangushwa, watoto wake wamelala Kabuta siku mbili, na yeye mwenyewe yuko ndani, mlango umefungwa, anasikia sauti yangu kupitia ukuta, hakuja kulia na wanawake wenzake kwa sababu aliambiwa akija hatarudi. Kama jeneza hili linataka kumwuliza mtu, lianze kwangu, nyumba yetu ndiyo ya karibu zaidi, hata jasho halitawatoka. Lakini marehemu alikataa maisha yake yote kungoja rangi isiyokuja, aligusa kwanza ndipo akasema, na mimi nimewasomea alichokigusa mkono, siku kwa siku na saa kwa saa. Mguu wake uliharibiwa na mwiba, na vidudu, na sukari, na mstari wa pili.

Karatasi hii Mjomba Dédé aliisoma jana alasiri. Alikuwa ameniomba niandike kwamba dada yake alikanyaga kitu. Alipomaliza kuisoma alinirudishia, akasema, "Soma. Lakini usiniangalie." Sijamwangalia, Mjomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kwa mikono yao ya siku tatu, Sista Towela na wahudumu wote wa kituo chetu, ambao walikuwa wenzake wa kazi hata pale karatasi ziliposema sivyo, wavuvi wa Kabuta walioleta samaki na kuni za msiba, Goodson aliyekubali kusimama mbele ya wazee na kusema siku aliyoutoa mwiba, mchungaji na kwaya, mama watatu walioosha mwili, dereva wa lori ambaye hakuuliza nani atalipa, na majirani wote waliochota maji tangu Alhamisi, na hata wale waliorusha mawe, kwa sababu najua baadhi yao walichorwa na marehemu wakiwa wadogo na walirusha kwa kumpenda vibaya.

Ratiba ya kwenda makaburini ni hii. Jeneza litabebwa na Webby na vijana watano aliowachagua yeye, kwa mikono, si begani, kwa barabara kubwa ya shule. Mbele ya jeneza hutangulia mtu mwenye kubeba msalaba wa marehemu, na ukoo huchagua mtu huyo miongoni mwa walio karibu naye kuliko wote. Mahali hapo karatasi ya ratiba iliachwa wazi. Mimi nimeandika Olipa, Bana Mapalo. Msalaba uko hapa, miguuni kwa Mjomba Dédé, na mlango wa kuugonga hauko mbali, hatua thelathini tu, na mtu pekee ambaye akienda hakuna kijana atakayethubutu kuokota jiwe ni yeye mkubwa wetu.

Nitanyamaza hapa mpaka Mjomba aende na arudi naye. Umebaki mstari mmoja, na sitausoma bila wao.

Mama Marie Ngoie Kisimba, tumekuja sote, pumzika, na amani unayokwenda nayo utuachie na sisi.